Wiki ya Maharage Mekundu

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kusafisha koo, Bibi alikuwa tayari jikoni na sufuria ya maziwa motoni. Sufuria hiyo ilikuwa imebonyea upande mmoja. Iliwahi kupigwa teke na Shangazi. Shangazi hakuwa ndugu wa mtu. Alikuwa ng'ombe wa nyumba hiyo, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Walimpa jina hilo kwa sababu hakukosa la kusema juu ya kila jambo.

Bibi alisimama karibu na moto. Mkono wa kulia ulishika mwiko, wa kushoto ulikuwa kiunoni. Maziwa yalipoanza kupanda, aliyakoroga. Yalipopanda tena na povu kugusa ukingo, aliyaipua.

"Nyumba hii hainywi maziwa mabichi," alizoea kusema. "Hata tone."

Aliwaambia hivyo majirani, aliwaambia hivyo wageni, na alimwambia hivyo muuza maziwa mwenye baiskeli. Muuza maziwa alisimama mlangoni kila asubuhi, kwa sababu Shangazi siku hizi alitoa maziwa kidogo na ndama wake alitaka haki yake. Basi muuza maziwa alifungua keni lake, akapima lita mbili, akaendelea na safari. Keni hilo lilikusanya maziwa ya ng'ombe wengi kutoka nyumba nyingi.

Nyumba ya Bibi ilikuwa na watu watano. Kulikuwa na Babu, mumewe, dereva wa lori aliyestaafu. Mpaka leo alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama usukani. Kulikuwa na mwana wao, seremala. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mama yake mzazi pia. Kulikuwa na mke wa Fundi. Bibi alimwita Mkwe, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo kikubwa. Mkwe alikuwa na mimba ya miezi saba. Na kulikuwa na binti yao wa miaka sita. Huyo wote walikuwa wamelisahau jina lake la daftari, wakamwita Kijiko, maana hakuna kijiko kilichotoka jikoni kabla yeye hajakilamba.

Kicheko hakikukauka katika nyumba hiyo. Lakini kwa miezi miwili sasa, jambo moja liliwakosesha raha. Fundi alikuwa mgonjwa.

Homa yake ilikuwa ya kuvizia. Ilikuja jioni, ikaondoka asubuhi. Ilipotea siku tano, ikarudi. Alitoka jasho mpaka shuka likaloa. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, akanyanyuka kitini kwa hatua tatu kama mzee wa miaka themanini. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Alimeza dawa za maumivu, akapata nafuu ya siku mbili, akalala tena.

Karakana yake ilikuwa uani, chini ya paa la mabati. Katikati ya karakana kilisimama kitanda kidogo cha mtoto anayetarajiwa. Kilikuwa na pande tatu. Upande wa nne ulikuwa bado mbao nane zilizoegemezwa ukutani.

"Mtoto atazaliwa akute kitanda hakina upande," Mkwe alisema siku moja.

"Atadhani ni jukwaa," Babu akajibu. "Atapanda ahutubie."

Wakacheka. Lakini Bibi alimwona Mkwe akipitisha mkono juu ya tumbo, polepole, mara mbili. Bibi akageuka, akaenda kuchukua dawa yake ya mambo yote. Dawa hiyo ilikuwa mtindi.

Mtindi wa Bibi ulijulikana mtaani. Ulikuwa mzito kiasi kwamba kijiko kilisimama wima ndani yake bila kushikwa. Aliugandisha katika chungu cha udongo chenye shingo nyembamba. Humo alitia maziwa kutoka kwenye keni, kisha akatia mbegu. Mbegu ilikuwa kikombe cha mtindi wa jana kinachogandisha maziwa ya leo. Mbegu hiyo alipewa na mama mkwe wake, mama yake Babu, wiki aliyoolewa. Miaka arobaini na moja hakuiacha ikatike hata siku moja.

Kila jioni alimpa Fundi bakuli moja na Mkwe bakuli moja, naye akajimiminia lake.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia Mkwe. "Huu unajenga mifupa ya mtoto."

Mkwe alikunywa. Siku nyingine aliomba la pili.

*

Jumatatu moja asubuhi, sauti ilisikika mlangoni.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu. Leo umekuja na maswali mangapi?"

Aliyeingia alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye viatu vya vumbi na karatasi zilizobanwa kwenye ubao. Watu walimwita Dada Maswali, naye aliitika bila kununa.

"Leo machache, Mama. Ni ya maziwa tu." Akaketi, akapewa chai, akapiga funda moja, akatoa kalamu. "Kwa wiki moja, nyumba hii inakunywa maziwa mabichi vikombe vingapi?"

"Andika sifuri," Bibi akasema. "Iandike kubwa."

Dada Maswali hakuandika.

"Mama, hii ni nyumba ya kumi. Zile tisa nazo zimeniambia niandike sifuri. Lakini kliniki mwezi huu ina wagonjwa wanne wa homa inayoletwa na maziwa mabichi. Sasa sijui wameyanywea wapi. Labda ndotoni."

Babu alicheka mpaka chai ikamwagikia sahani.

Wakati huo Fundi alipita ukumbini kwenda kuchukua maji. Alijishika ukuta. Dada Maswali akamtazama.

"Fundi, hiyo homa yako inakuja na kuondoka?"

"Inakuja kama mgeni asiye na aibu," Fundi akasema. "Inaaga, halafu inarudi kuchukua mwavuli."

"Na jasho? Na viungo?"

"Vyote hivyo."

"Basi Jumatano njoo kliniki upimwe damu. Safari hii tunatafuta kitu kingine, si malaria. Mje wote wawili, wewe na mkeo. Yeye ni mjamzito, tusibahatishe."

Kisha akamgeukia Bibi. "Mama, una maharage ndani?"

"Unataka kula saa hizi?"

"Nataka kuhesabu."

Bibi akaleta maharage mekundu kwenye bakuli moja, na meupe kwenye bakuli jingine. Dada Maswali akaomba kopo tupu. Akaliweka kwenye rafu, karibu na mtungi wa maji, mahali ambapo kila mtu angelifikia.

"Mchezo ni huu," akasema. "Kila mtu akinywa au akila chochote kilichotokana na maziwa, anatia harage moja kwenye kopo. Anajiuliza swali moja tu: maziwa haya yalichemka? Kama yalichemka, anatia jeupe. Kama hayakuchemka, anatia jekundu. Hata kama ni tone. Mwisho wa wiki tutahesabu."

"Utapoteza siku yako bure," Bibi akasema. "Utakuta meupe matupu."

"Nitafurahi sana, Mama."

Bibi alikuwa na swali moja kuhusu mtindi kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza.

*

Kijiko alijiteua mwenyewe kuwa mlinzi wa kopo. Alivuta kigoda, akaketi chini ya rafu na kukunja mikono.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Babu. Saa nne alikunywa chai, nayo ilikuwa ya moto. Babu alifanya kama alivyofanya siku zote. Alikwenda kwenye ndoo ya maziwa yaliyosubiri kuchemshwa, akachota kidogo kwa kikombe, akamimina kwenye chai yake.

"Babu," Kijiko akasema. "Hayo yalichemka?"

"Napoza chai tu, mjukuu wangu."

"Lakini yalichemka?"

Babu alitazama kikombe. Alitazama ndoo. Alitembea polepole hadi kwenye rafu, akatia harage jekundu.

"Miaka yote hii," Bibi akasema kutoka jikoni, "nimelala kitanda kimoja na mnywa maziwa mabichi."

Siku hiyo Babu alikunywa chai mara tatu na akatia mekundu matatu. Alisema mkono wake ulikuwa umeshazoea, haukuwa ukimsikiliza tena.

Kesho yake, Jumanne, walikula mkate na siagi. Siagi hiyo Mkwe aliitengeneza kwa malai aliyoyaengua juu ya maziwa ya ndoo. Babu, Fundi, Mkwe na Kijiko walipaka. Bibi hakupenda siagi. Kijiko aliuliza swali lake, na Mkwe akajifunika uso kwa kanga.

"Haikuchemka," akasema. "Nimeingia na mimi."

Maharage manne mekundu yakaingia. Kabla ya mchana likaingia jingine, la Kijiko mwenyewe. Alikuwa amelamba povu kwenye ukingo wa ndoo ya kukamulia. Hakuna aliyemwona, lakini alilileta harage lake mwenyewe, mdomo ungali mweupe. Babu akatia mawili ya chai.

Bibi alipita na kichwa juu. Hakuwa ametia jekundu hata moja.

Jioni alileta mtindi. Bakuli la Fundi, bakuli la Mkwe, bakuli lake. Wakanywa. Walipomaliza, Kijiko alikuwa amesimama kwenye kigoda chake.

"Bibi, mtindi nao ulichemka?"

Bibi akapanga mabakuli matupu, moja juu ya jingine.

"Mtindi ni mtindi," Bibi akasema.

"Lakini ulichemka?"

"Maziwa yaliyochemshwa hayagandi. Hilo kila mtu analijua. Halafu mtindi ni mkali. Ule ukali unaua vijidudu vyote."

"Kwa hiyo haukuchemka."

"Mjibu mlinzi, mke wangu," Babu akasema, akitazama dari.

Bibi akainuka. Alichukua maharage matatu mekundu, akayatia moja moja. Kopo likalia ta, ta, ta. Akarudi kuketi. Halafu akakumbuka kwamba hata Jumatatu jioni walikunywa mtindi, na hakuna aliyetia kitu. Angeweza kunyamaza. Aliinuka tena, akatia mengine matatu.

Jumatano mtindi haukutolewa. Bibi alisema umechelewa kuganda. Mtindi ulikuwa umeganda vizuri sana.

*

Alhamisi mchana Dada Maswali alirudi na majibu ya damu. Wote waliketi sebuleni. Fundi aliegemea ukuta. Mkwe aliketi pembeni yake, mkono juu ya tumbo.

"Naanza na habari njema," Dada Maswali akasema. "Mkwe yuko salama. Hana ugonjwa."

Bibi akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi.

"Fundi anao. Unaitwa brusela. Ni ugonjwa wa wanyama, lakini binadamu tunaupata. Ng'ombe mwenye brusela anaweza kutupa mimba. Anaweza pia kuonekana mzima kabisa, ananenepa, anakula, anapiga watu mateke. Lakini vijidudu vimo kwenye maziwa yake. Huvioni, huvinusi, huvionji. Ukiyanywa bila kuchemsha, unaupata. Unatibika, Fundi, usiogope. Ila dawa zake ni za wiki sita. Huruki hata siku moja."

"Na mwanamke mjamzito akiupata?" Mkwe akauliza.

"Unaweza kuharibu mimba. Ndiyo maana nilitaka upimwe mapema."

Bibi alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ile ile iliyobeba bakuli kila jioni. Masikio yake yalisikia sauti yake mwenyewe: kunywa, mwanangu.

"Ni mtindi wangu?" akauliza.

"Mama, hakuna anayeweza kusema ni kikombe kipi. Labda mtindi, labda siagi, labda kitu alichokunywa mahali pengine. Lakini ule ukali wa mtindi hauvimalizi vijidudu hivi. Moto ndio unaovimaliza."

Dada Maswali hakungoja mwisho wa wiki; akachukua kopo, akalimwaga kwenye sinia. Kijiko akahesabu kwa kidole. Mekundu yalikuwa kumi na sita, yote ya siku mbili za kwanza. Kumi na sita, katika nyumba isiyokunywa hata tone.

Bibi hakucheka. Machozi yalimjia, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Nimemlisha mwanangu ugonjwa," akasema. "Ningemlisha na mjukuu ambaye hajazaliwa."

Mkwe akasogea, akaketi miguuni pake.

"Mama, wewe ulinipa bakuli moja. Bakuli la pili nililiomba mwenyewe. Kama ni kesi, tushtakiwe wote."

Babu akakohoa. "Na mimi mwenye kupoza chai mnipangie chumba humo gerezani."

Hapo Bibi akatabasamu kidogo. Kisha akakata shauri. "Basi. Leo nimemaliza kugandisha. Nyumba hii haina mtindi tena."

"Kwa nini, Mama?" Dada Maswali akauliza.

"Si nimekwambia? Maziwa yaliyochemshwa hayagandi. Nilijaribu mara moja, mwaka niliomzaa Fundi. Yalibaki maji."

"Mbegu uliitia wakati gani?"

"Palepale, nilipoipua tu. Nilifikiri ule moto utaisaidia."

Dada Maswali akachukua harage moja jeupe kutoka kwenye sinia. "Hili nikilipanda shambani, litaota?"

"Litaota."

"Nikilichemsha kwanza, halafu nikalipanda?"

"Nani anapanda harage la kuche..." Bibi akasita. Mdomo ukabaki wazi. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, kikatoka. "Niliipika mbegu," akasema. "Niliipika mbegu, halafu miaka thelathini nimeyasingizia maziwa."

Babu alipiga goti kwa kiganja. Fundi naye, na maumivu yake yote, alicheka mpaka akashika mgongo.

"Mbegu ya mtindi ni kitu hai," Dada Maswali akasema. "Maziwa yachemke kweli kweli, yapande. Yaipue, yafunike, yaache yapoe. Yakiwa vuguvugu ndipo unatia mbegu. Chombo kiwe safi, kimeoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji ya moto. Na ile siagi mnaitaka? Chemsheni maziwa kwanza, ndipo muengue malai."

"Sawa. Nitatumia mbegu yangu."

Dada Maswali akalirudisha harage kwenye sinia. Lilikuwa jambo gumu kulisema.

"Ile haitafaa, Mama. Imelelewa kwenye maziwa mabichi. Kesho nitakuletea nyingine, ya maziwa yaliyochemshwa."

Bibi alikwenda jikoni peke yake. Alikibeba chungu kwa mikono miwili mpaka nyuma ya nyumba, kwenye shimo la taka. Babu alimfuata, akasimama hatua mbili nyuma yake.

"Mama yako aliniachia hii," Bibi akasema. "Alisema nisiiache ikatike."

"Mama yangu alipenda mtindi," Babu akasema. "Lakini alipenda watoto zaidi."

Bibi akainamisha chungu. Mtindi ulitoka polepole, mzito, mweupe. Kisha akajaribu kuosha chungu kwa ndani. Mkono wake uliishia shingoni. Miaka arobaini na moja, na mkono wake haukuwahi kufika chini ya chungu hicho. Akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo chungu kilipewa kazi nyepesi zaidi, ya kukaa dirishani na udongo na maua ndani yake.

*

Ijumaa alasiri mbegu mpya ilifika, kikombe kimoja kilichofunikwa. Bibi alichemsha maziwa. Akafunika, akasubiri. Aliogopa sana kuipika mbegu kwa mara ya pili, basi akasubiri tena. Kisha akasubiri kidogo zaidi. Akatia nusu ya mbegu kwenye sufuria safi yenye mdomo mpana, akafunika.

Jumamosi asubuhi walikusanyika kutazama. Bibi akafunua. Ndani mlikuwa na kitu kama uji wa mgonjwa.

"Huu tunywe kwa mrija," Babu akasema.

"Nyamaza wewe. Jana umepoza chai tena, ukatia jekundu la kumi na saba. Nilikuona."

"Mkono ulisahau. Nimeshaukemea."

Bibi hakukata tamaa. Alifikiri. Alikuwa ameyaacha maziwa yakawa baridi. Mbegu iliyopikwa hufa, sawa, lakini iliyotiwa baridini hulala. Jumamosi alasiri alichemsha tena. Safari hii hakutumia hofu, alitumia mkono. Alidondosha tone moja la maziwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani. Lilikuwa moto. Akangoja. Akadondosha tena. Likawa kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, na hayo Bibi aliyajua vizuri kuliko mtu yeyote. Hapo akatia mbegu iliyobaki, akakoroga mara moja, akafunika. Akaifunga sufuria kwa blanketi la zamani, akaiweka kwenye kona isiyo na upepo.

"Umeiviringisha kama mgonjwa," Babu akasema.

"Nimeiviringisha kama mtoto," Bibi akajibu.

Jumapili asubuhi hakuna aliyesubiri kuamshwa. Hata Fundi alitoka kitandani. Alikuwa ameanza dawa Alhamisi, na usiku huo shuka lake halikuloa sana. Bibi akafungua blanketi. Akafunua sufuria. Mtindi ulikuwa mweupe, umetulia, unang'aa. Akachukua kijiko, akakichomeka katikati, akaondoa mkono.

Kijiko kilisimama wima.

Kijiko mwingine, yule wa miaka sita, alipiga makofi. Mkwe alipiga kigelegele kimoja kirefu, na Shangazi akaitika kutoka zizini. Wakala mtindi asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani humo. Babu alionja, akafumba macho.

"Sema," Bibi akamwambia.

"Naogopa kusema. Mama yangu asije akasikia." Akameza. "Huu ni mzuri kama wake."

Maharage matano meupe yakaingia kwenye kopo.

*

Wiki ya tatu ya dawa, Fundi alijisikia mzima. Homa haikurudi, magoti yalinyooka. Alisema sasa vidonge vinatosha.

"Wiki ngapi uliambiwa?" Bibi akauliza.

"Sita. Lakini nimepona, Mama."

Bibi hakubishana. Alihesabu maharage meupe, moja kwa kila siku iliyobaki, akayatia kwenye kopo na kuliweka mezani. Alimpa Kijiko kigoda chake. Kila siku Fundi alipomaliza vidonge vya siku hiyo, harage moja lilitolewa.

"Mimi mtu mzima," Fundi akalalamika, "mwenye mke na karakana, natawaliwa na maharage."

"Na mimi," Kijiko akasema.

Bwana mifugo naye alikuja, akamtoa Shangazi damu. Shangazi alimkanyaga kiatu. Majibu yalionyesha yuko salama, lakini bwana mifugo aliwaambia wampime tena mwakani, na maziwa yake wayachemshe vilevile. Muuza maziwa aliposikia habari hizo, alianza kumwambia kila mteja kabla ya kufunga keni: chemsha yapande. Aliahidi pia kuwapelekea wenye ng'ombe wanaomuuzia maziwa ujumbe wa bwana mifugo, wakapimiwe ng'ombe wao.

Wiki ya tano, sauti ya randa ilisikika tena uani. Mbao nane zilipigwa randa, zikasuguliwa kwa msasa mpaka zikawa laini kama shavu. Upande wa nne wa kitanda ukafungwa. Babu alikiegemea akakitikisa kwa nguvu zake zote.

"Hiki hata lori halikiangushi," akasema.

Siku kumi na tisa baadaye kilipata mwenyewe. Alikuwa mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti iliyofika zizini.

*

Mtoto alikuwa na wiki tano Dada Maswali alipobisha hodi tena. Alikaribishwa, akapewa chai. Alimtazama mtoto kitandani, akamtazama Fundi akipita na ubao begani, akatoa kalamu.

"Mama, nimerudi na swali langu lile lile. Kwa wiki moja, nyumba hii inakunywa maziwa mabichi kiasi gani?"

"Safari hii usiandike sifuri," Bibi akasema.

Kalamu ikasimama. Mkwe akainua kichwa. Babu akaweka kikombe chini, akasema haraka, "Si mimi. Mkono wangu umetulia tangu lini sijui."

"Nyumba hii ina mnywaji mmoja wa maziwa mabichi," Bibi akaendelea. "Anakunywa asubuhi na jioni, tena hana haya. Njoo nikuonyeshe."

Akamshika Dada Maswali mkono, akampeleka mpaka zizini. Ndama wa Shangazi alikuwa ameingiza kichwa chini ya tumbo la mama yake. Mkia ulikuwa ukicheza. Povu lilimjaa puani.

"Huyo," Bibi akasema. "Nimemweleza mara nyingi achemshe. Hasikii."

Dada Maswali alicheka mpaka akajishika kwenye mlango wa zizi. Akarudi kwenye karatasi yake, akaandika sifuri. Aliiandika kubwa.

"Na yale maharage mekundu?" akauliza. "Bado yako kwenye kopo?"

Bibi akaelekeza kidole jikoni. Sufuria yenye kibonyeo ilikuwa motoni, mfuniko wake ukirukaruka.

"Kaa ule," akasema. "Hayo nayo yanachemka."